Usishushe Mikono

...na kitu cha mwisho cha kawaida kilikuwa kibanio cha nguo, hakuna kingine, mkewe alikuwa amesimama kwenye veranda na shuka lililolowa begani, akamwambia "nipe kibanio, Bwana Mpima, cha mbao, siyo hivyo vya plastiki vinavyoteleza," naye akampa cha plastiki kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu na mkono wake na macho yake yalikuwa kwenye gazeti, na mkewe akakipokea, akasema asante, akabana shuka, shuka likateleza upande mmoja, halafu akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kama mtu anayevuta pumzi kidogo kabla ya kuendelea, na hakuendelea... na sasa, miezi mitano baadaye, yeye amesimama ameuegemea ukuta wa bohari la klabu ya wapiga upinde asiowajua, mikono imenyooshwa kulia na kushoto kama nguo iliyoanikwa, huku mtu mmoja mnene wanayemwita Inchi akipekua droo moja baada ya nyingine akitafuta miwani yake, "usishushe mikono, mzee, usishushe, nakuja sasa hivi, ukishusha tunaanza upya," na droo zinalia, na chafya inamtoka Inchi mara mbili juu ya manyoya ya mishale, na anaifuta kwa kiganja, na kiganja anakifuta kwenye suruali, na kwa kiganja hicho hicho dakika tatu zilizopita alimshika kidevu ili kichwa kikae sawa ukutani. Bohari zima lilinuka gundi na soksi. Chini ya harufu hizo mbili palikuwa na ya tatu, ya mkojo wa paka, iliyokuwa imekaa sana mpaka imekuwa mwenyeji, na mlango wa choo ulikuwa haufungi, ulijipigapiga wenyewe taratibu kila upepo ulipopita, na kule mwisho, kwenye magunia yaliyoshindiliwa matambara na kuchorwa duara nyeusi, vitambaa vilikuwa vimechungulia nje kupitia matundu ya mishale kama matumbo, ndiyo, kama matumbo, hakupata neno jingine na hakulitafuta. Hapa ndipo mkewe alipokuwa akija kila Jumamosi kwa miaka mitatu. Alirudi nyumbani na uso uliooga. Alikuwa akimwambia, "twende siku moja, uone," naye akisema siku moja, siku moja, na siku moja yenyewe ndiyo hii, na ameletwa na shemeji yake, mdogo wa kiume wa marehemu, muuza matairi, ambaye sasa amekaa kwenye meza ya mishale, makalio juu ya meza ya kazi, akimenya chungwa kwa vidole na kutema mbegu kwenye kiganja. "Shem!" anaita, mdomo umejaa. "Unafanana na msalaba." "Anafanana na kitisha ndege," anasema Inchi bila kugeuka. "Kwa kofia tu ndo hajakamilika." Wanacheka. Watu wanacheka kirahisi siku hizi, au walikuwa wakicheka hivyo siku zote na yeye hakuwa na masikio ya kusikia, siku ya maziko pia walicheka, pale nyuma karibu na masufuria, alisikia mtu akisimulia habari za mbuzi aliyeingia kwenye gari, na alitaka kutapika, na baadaye mtu huyo huyo alikuja akamshika mikono yote miwili kwa viganja vyenye mafuta ya pilipili akasema alikuwa mwanamke wa watu, wa watu gani, alitaka kumuuliza, wataje, lakini alisema asante, amekuwa mtu wa kusema asante, anaisema kama anavyotema mtu mbegu... "Usishushe!" "Sijashusha." Na hakuwa ameshusha. Yeye hashushi kitu alichoambiwa akishike. Alikuwa mpima ardhi kwa miaka ishirini na sita, ameshika fimbo ya kupimia kwenye matope, kwenye jua, kwenye mashamba ya watu waliokuwa wakimtukania mama yake kwa sababu mpaka umepita katikati ya migomba yao, na fimbo haikutikisika, na ni yeye mwenyewe aliyetaka jambo hili, hakuna aliyemlazimisha, ni yeye aliyesema ndani ya gari, basi twende tukapime. Shemeji alikuwa ameanza tena. Upinde wa dada unakaa chini ya kitanda, upinde ukikaa bila kuvutwa unakufa, shem, mimi si mtaalamu lakini hilo najua, kama wewe humudu kuutumia nipe mimi, Jumamosi nakwenda kule, dada mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Na alikuwa akiendesha kwa mkono mmoja. Na yeye, badala ya kusema upinde huu hauondoki nyumbani kwangu hata nikifa, jambo ambalo ndilo lililokuwa kifuani mwake, alisema kwa sauti ya ofisini kwamba upinde umeandikwa kwa wino ndani ya mpini namba ishirini na nane, maana yake mwisho wake ni inchi ishirini na nane, mwenye kuvuta zaidi ya hapo ataupasua, kwa hiyo swali si nani anautaka bali nani anautosha, tupimwe, nikipita ishirini na nane uchukue wewe, nisipopita unabaki kwangu na hatutazungumza tena habari hii. "Neno?" akauliza shemeji. "Neno." Akampa mkono, mkono wenye harufu ya mpira. Namba haina upande. Namba haiji msibani kula. Kanuni yenyewe aliijua kwa kichwa, mtu ananyoosha mikono yote miwili, unapima toka ncha ya kidole cha kati cha huku mpaka ncha ya kidole cha kati cha kule, unagawa kwa mbili na nusu, unachopata ndicho urefu wake wa kuvuta, yaani umbali kati ya mpini na ugwe, kamba ya upinde, pale mkono unapokuwa umerudi nyuma kabisa na kutulia shavuni, hesabu ya mtoto wa shule, na ukutani nyuma ya shingo yake Inchi alikuwa amepigilia tepe mbili za fundi cherehani zilizoungwa kwa plasta, zimeungwa vibaya, moja imepanda juu ya nyingine milimita tatu au nne, angewafukuza kazi vijana wake kwa kiungo kama kile. Kidole chake cha kushoto kiligusa kona ya ukuta, kwenye sifuri. Cha kulia... ah, cha kulia. Mtu fulani, mnyama fulani mwenye meno, alikuwa amebandika chingamu ukutani, pale pale mkono unapoishia, ilikuwa na rangi ya ufizi, ina alama ya dole gumba la aliyeibandika, na nywele moja fupi imenasa, na alipoinua mkono mara ya kwanza aliiona kwa pembe ya jicho, kidole chake cha kati kikarudi nyuma chenyewe kama konokono. Hakikurudi sana. Kilijikunja kwenye pingili, na wenzake wakakifuata. Akigeuza macho bila kugeuza kichwa aliweza kusoma tepe pale kidole kilipokuwa kimefika, sentimita mia na sabini na saba. Na kichwa, hakukiambia kifanye hesabu lakini kilifanya, mia na sabini na saba ugawe kwa mbili na nusu, sabini nukta nane, kwa inchi ni ishirini na saba na karibu tisini kwa mia. Ndani ya ishirini na nane. Upinde wake. Pumzi ikamtoka. Ni chingamu tu, alijiambia, ni uchafu, mtu yeyote mwenye akili zake angeepuka, na Inchi hana miwani, na shemeji anatazama chungwa lake. Hakuwa anadanganya. Alikuwa anaepuka uchafu, na uchafu upo, si yeye aliyeuweka... "Hizi droo nani amezivuruga? Wee, shuka kwenye meza yangu, unakalia miwani labda." "Ningeikalia ningeshasikia inalia." "Kwa uzito huo ingelia mara moja tu." Shemeji akashuka, akajipangusa mikono kwenye suruali, akavuta karibu podo la ngozi, podo la dada yake, akachomoa mshale mmoja kwa vidole vyenye maji ya chungwa. Weka chini, alitaka kusema yule aliyekuwa ukutani. Weka chini, mishale ile niliikata mimi. Kumi na miwili. Aliikata jikoni miaka mitatu iliyopita kwa msumeno mwembamba, akaisugua ncha kwa msasa mpaka ikawa kama mfupa, akaipanga mezani kutoka wa kwanza hadi wa mwisho na tofauti kati yao haikufika nusu milimita, alimwita mkewe aje aone, mkewe akapitisha kidole juu ya safu ile yote akasema, "lo, Bwana Mpima, hawa ni mapacha kumi na wawili." Alijivuna. Kitu alichokumbuka sasa, huku mabega yameanza kumchoma, ni kujivuna, jinsi kilivyokuwa kikubwa na jinsi alivyojifanya hakijali, akasema ni kazi ndogo. Ni zawadi pekee aliyowahi kumtengenezea kwa mikono yake. Nyingine zote alinunua. "Hii mishale," Inchi alikuwa anasema sasa, ameacha droo, ameushika ule mshale mbali na macho kama mtu asomaye barua bila miwani, "mimi nikiiona hii mishale huwa nacheka na kulia. Nani alikata, jamani?" "Si huyo hapo," shemeji akasema. Mlango wa choo ukajipiga. "Aa," Inchi akasema. "Ndiye." "Ndiye." "Ndiye mume mwenye shahada." Na wakajaribu kutocheka, jambo ambalo ni baya kuliko kucheka, alimwona shemeji akiuma mdomo, akaona mabega ya Inchi yanatikisika, na damu ikampanda masikioni. "Ina kasoro gani?" akauliza toka ukutani. Sauti yake ilitoka kavu, sauti ya kwenye vikao. "Usikasirike, mzee." "Sikasiriki. Nauliza kasoro." Inchi akaja nao karibu, akausimamisha mbele ya uso wake, na pumzi yake ilikuwa ya vitunguu na tumbaku, na alikuwa na namna ya kulamba kidole kabla ya kuonyesha kitu kana kwamba ulimwengu wote ni kitabu chake. "Ona. Mshale haukatwi sawasawa na mvuto wa mtu. Unauachia ziada mbele, inchi moja, moja na nusu, ili mtu akivuta mpaka mwisho chembe, ile ncha ya mbele, ibaki nje ya upinde, isimfuate ndani. Wewe umeukata pale pale. Ishirini na sita, kweupe. Hilo moja." "Na la pili?" "La pili, hata hiyo ishirini na sita ya nani? Yule mama alikuwa ishirini na saba. Nilimpima mimi siku alipokuja, nikampima na huyu," akamwelekezea shemeji kidevu, "mikono yao imetoka kiwanda kimoja, hawapishani hata unywele. Sasa mtu wa ishirini na saba, mshale wa ishirini na sita. Akivuta vizuri, anavuta chembe mpaka inampita kidole." Akarudi mezani, akautwaa upinde, akaugeuza, akapiga kucha juu ya mpini. "Hii mikwaruzo unafikiri ni ya nini? Panya?" Alikuwa ameiona mikwaruzo ile. Ameusugua upinde ule kwa mafuta kila Jumapili kwa miezi mitano, amepitisha kitambaa juu ya mikwaruzo ile mara ishirini, akidhani ni kuzeeka kwa mbao. "Siku ile ya kwanza ilimpasua hapa," Inchi akagusa ukucha wa kidole chake cha shahada, mkono wa kushoto, "damu mpaka mlangoni, huyu shahidi." "Mimi ndiye niliyemfunga," akasema shemeji, na sasa hakuwa anacheka. Kisu cha vitunguu. Alisema ni kisu cha vitunguu. Alirudi jioni ile, kidole kimeviringwa bandeji, akasema kisu cha vitunguu kule kwa mdogo wangu, na mumewe alimwelekeza namna ya kushika kisu, ndiyo, alisimama jikoni akamwonyesha, vidole hivi, pingili mbele, kucha nyuma, kwa dakika nzima, na mkewe alitazama akaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi... kinyaa kilimpanda, na mara hii hakikuwa cha chungwa wala cha paka. "Tukamwambia, mama, kata mipya, mbao zipo, mimi nitakukatia bure. Hapana. Hii imekatwa na mume wangu. Tukamwambia, basi mwambie mumeo. Hapana, ameikata kwa milimita. Basi akajifunza kuvuta nusu. Miaka mitatu, mzee! Kiwiko amekikunja kama bawa la kuku, ugwe unafika hapa kidevuni, haufiki shavuni, anaachia. Mkono mzuri vile, utulivu vile. Angekuwa wa kwanza hapa. Hakupiga katikati hata siku moja." "Siku moja," akasema shemeji. "Siku moja, kwa mshale wangu mimi, alioazima." Umepiga katikati leo? Lilikuwa swali lake la kila Jumamosi, bila kuinua macho, kama mtu anavyouliza kama mvua imenyesha huko. "Karibu," alikuwa akijibu mkewe. Karibu, miaka mitatu, na Jumamosi moja alimchukulia karatasi akamchorea pembetatu, akamweleza kwamba tatizo lazima liko kwenye kusimama kwake, unaegemea mbele, akasema, na mkewe akaikunja karatasi ile mara nne akaiweka kwenye mkoba, na bila shaka wote hawa wameiona, imezunguka hapa, mume mwenye shahada, wameicheka pamoja na kahawa... lakini mkewe hakucheka. Hilo alilijua bila kuambiwa. Alikaa katikati yao akawaambia ameikata kwa milimita. "Miwani yangu iko wapi tena," Inchi akanung'unika, amerudi kwenye kutafuta, na akapindua kopo, na vikamwagika mezani vibanio vya nguo vya mbao, kila kimoja na doa la bluu kichwani, doa alilolitia yeye mwenyewe, yeye hutia rangi ya bluu kila kitu cha nyumbani kwake, mapanga, ndoo, vibanio, visije vikachanganyika na vya majirani. "Alituletea," shemeji akasema, amemwona anatazama. "Vya kubana manyoya gundi ikauke. Wageni wapya wote alikuwa anawabandikia yeye." Nipe kibanio, cha mbao. Nyumbani vilikuwa vimebaki viwili vitatu tu, ndiyo maana. Alitaka kimoja tu. Na alipewa cha plastiki akasema asante, alisema asante, na shuka likateleza. Kisha mlango mwingine ukafunguka kichwani, hakuufungua yeye, mlango mweupe wa wodi alikolazwa mkewe baada ya ile ndoo, wenye dirisha dogo la duara, na daktari kijana aliyekuwa akibonyezabonyeza kalamu, "mama, kutoka moja hadi kumi, maumivu yako ni ngapi?" na mkewe kabla ya kujibu alimtazama yeye. Si daktari. Yeye, aliyekuwa amekaa pembeni na daftari wazi gotini na kalamu tayari. Akasema, "nne." Akaandika nne, tarehe, saa. Kesho yake, nne. Keshokutwa, tatu, nne. Alimpa daktari orodha ile imepigwa mistari kwa rula, na daktari akaisifu, akasema laiti wagonjwa wote wangekuwa na mtu kama wewe, na kwa kuwa ilikuwa nne walisubiri, watu wa nne wanasubiri, wa tisa ndio wanaokimbizwa ndani, na yeye alikaa nje akijivuna. Tena. Namba haina upande. Kiko wapi kinyaa cha kumtosha mtu wa namna hiyo... "Mzee, umechoka? Vumilia kidogo tu, hii hapa nimepata fremu, bado kioo kimoja." "Sijachoka." Mikono ilikuwa mizito kuanzia mabegani na hakuishusha. Lakini ishirini na sita aliitoa wapi? Hakuibuni. Alipima. Jikoni, mkewe ameegemea ukuta kama alivyoegemea yeye sasa, na alama mbili za penseli ziko pale mpaka leo, ameziacha makusudi, anakunywa chai akizitazama, mia na sitini na tano kutoka moja hadi nyingine, na hakukosea kusoma, hajawahi kukosea kusoma. Alisema, nyoosha. Akasema, nimenyoosha. Nyoosha yote. Naye akacheka akasema birika linachemka, Bwana Mpima, pima haraka, na alilisikia neno lile kama sikio la mume linavyosikia, mwanamke ana haraka ya chai... birika. Jiko liko kulia. Ukisimama pale, mkono wa kulia ukinyooka wote, vidole vinaingia kwenye mvuke wa birika. Alikuwa amekunja vidole. Vilikuwa vimekunjwa kama hivi hivi vyake yeye vilivyokunjwa sasa mbele ya uchafu wa mtu, na yeye alikuwa amepiga magoti, amefumba jicho moja, anatazama ncha ya penseli tu, hakutazama mkono, hakuutazama mkono ulikuwa wa nani wala ulikuwa unaungua. Akaweka alama pale mkono ulipokimbilia. Kisha akakata mishale kumi na miwili kwa kipimo cha mtu aliyekuwa akijikinga asiungue, akaisugua kwa msasa, akamwita aje aone mapacha. "Nimekipata kioo!" Inchi akapiga kelele. "Kilikuwa kwenye gundi, laana gani hii," akakipachika kwenye fremu, akaitemea mate miwani, akaipangusa kwa pindo la shati, akaivaa, macho yakawa makubwa kama ya samaki, akaanza kuja, anaburuta ndala, na shemeji nyuma yake, na shemeji amekaza uso, kwa sababu na yeye anautaka upinde ule, hilo ameliona sasa kwa mara ya kwanza, hautaki kwa kutundika, anautaka vibaya sana, kama anavyotaka mtu kitu kilichoshikwa na mkono fulani. Hatua kumi. Mia na sabini na saba. Hakuna atakayejua. Dunia nzima imejaa watu wasiojua, na upinde utarudi chini ya kitanda, upande wa mkewe, atausugua mafuta kila Jumapili, na kila Jumapili kitambaa kitapita juu ya mikwaruzo. Hatua tano. Vitunguu na tumbaku vilimtangulia Inchi. Akanyoosha kidole. Kilifunguka pingili kwa pingili, kikasogea ukutani kwenye ubaridi wa rangi iliyobambuka, kikaigusa chingamu, juu ilikuwa ngumu kama ukucha na ndani bado laini, ilibonyea, ikamshika ncha ya kidole, akaisikia ile nywele, akanyoosha na vingine, akanyoosha kiganja, akanyoosha kiwiko, mpaka bega likalia, mpaka hapakubaki kitu cha kunyoosha, na kinyaa kilikuwa pale pale, hakikupungua hata tone, ila sasa kilikuwa ukutani na kidoleni, mahali pake, palipoweza kuoshwa. "Haya," Inchi akasema, pua karibu na tepe. "Usishushe. Mia na... mia na themanini. Lo, mzee una mbawa! Sabini na mbili. Inchi, ishirini na nane na... kidogo." "Kidogo kiasi gani?" shemeji akauliza haraka. "Ah, kidogo cha kidogo. Robo. Waweza kujibana tu, mzee, ukavuta pungufu, mbona mkeo..." "Ni theluthi," alisema yeye aliyekuwa ukutani. "Na tepe zako zimepandana, toa milimita nne. Bado imepita." Alijua mikono sasa angeweza kuishusha. Hakuishusha bado. Shemeji alikuwa anatazama sakafu, ganda la chungwa limo kwenye ngumi, akasema, "Shem, robo si kitu, baki nao, mimi nilikuwa natania tu," na sauti yake iligeuka katikati ikawa ya mvulana, na ndani yake, kwa mpigo mmoja, mlikuwa na sauti ya dada yake anaposema karibu. "Kesho asubuhi uje nyumbani," akamwambia. "Saa moja."

Asubuhi ile alilivuta jiko kutoka ukutani peke yake, lilikuwa halijavutwa tangu walipohamia, na nyuma yake alikuta vyote alivyostahili kuvikuta, mafuta yaliyoganda, mende wawili wakavu, kijiko, ukungu mweusi mpaka kimo cha goti, akapiga magoti akasugua kwa maji ya moto na sabuni ya unga hadi vidole vikanywea, akaosha hadi rangi ya ukuta ikatoka, bila kugusa zile alama mbili za penseli, na hodi ilipopigwa saa moja na dakika chache alikuwa ameshafuta pakakauka, na upinde ulikuwa mezani ndani ya shuka safi, na mishale kumi na miwili kando yake. Shemeji akausogelea upinde. "Ngoja," akamwambia, "kwanza simama hapa." Akamsimamisha ukutani, akakishika kidole chake cha kati cha kushoto, kidole kilichonuka mpira, akakiweka juu ya alama ya kushoto, akasema nyoosha. "Nimenyoosha, shem." "Nyoosha yote. Hakuna birika." Shemeji hakuelewa, lakini akanyoosha, na mkono wa kulia ukaipita alama ya pili, ukaendelea, ukaingia kwenye ule ukuta mpya uliooshwa, upana wa vidole vinne zaidi, ukatulia hapo. Akaitoa penseli mfukoni, halafu akairudisha. Akausimamia ule mkono, akautazama, kiganja, pingili, kucha, kwa muda mrefu kuliko kipimo chochote kinavyohitaji. "Naweza kushusha?" shemeji akauliza. "Bado," akasema. "Bado kidogo."